Mzinga ukinuka wakati wa maua

Kila mwisho wa kiangazi, miti ya pori ikitoa maua, wanakoperative wa Kazimia wanatuuliza: mbona mzinga unanuka jioni kama mihogo iliyolowekwa? Wengine wanataka kuuchoma.

Ngojeni kwanza, ndugu. Yale maji matamu ya maua yakiingia mzingani, zaidi ya nusu mara nyingi ni maji matupu. Usiku nyuki wanapiga mabawa mpaka maji yashuke chini ya 20 kwa mia, na harufu inatoka na ule mvuke. Kuna maua yenye harufu kali, basi. Marekani kuna ua moja la manjano linalofanya mizinga inuke soksi chafu, na asali yake inaliwa vizuri tu.

Tunayoogopa sisi ni harufu ya majana yaliyooza. Fungua, angalia. Majana meupe yanayong'aa ni mazima, funika uende. Yakiwa ya kahawia, na vifuniko vimezama au kutoboka, ingiza kijiti cha kiberiti, uvute polepole. Kikivuta uzi kama makamasi, mzinga huo usiuhamishe, wala usimpe jirani sega lake: huenda ni loke ya Kiamerika. Haimdhuru mlaji, lakini mbegu zake zinakaa zaidi ya miaka 30 zikingoja nyuki wengine. Tuiteni.

Na mzinga unaonuka maua usiuvune bado. Kata masega yaliyofunikwa nta tu; yale mabichi yatachacha kama kasiksi ndani ya bidoni, na mnunuzi atarudisha yote.