Figo si Chujio Tu: Mchango wa Homer Smith

Aghalabu tunapoeleza kazi ya figo kwa Kiswahili, hutumia kitenzi kimoja: kuchuja. Sitiari hiyo imetoka jikoni. Kifumbu hupitisha tui na kuzuia machicha, na figo nazo, tunaambiwa, huzuia uchafu wa damu. Maelezo hayo ni nusu ya ukweli. Makala haya yanakusudia kuidhihirisha nusu ya pili kupitia utafiti wa Homer William Smith (1895-1962), Mmarekani aliyefundisha fiziolojia katika Chuo Kikuu cha New York tangu 1928 hadi 1961.

Smith alianza na samaki. Maji ya bahari yana chumvi nyingi kuliko damu ya samaki wengi waishio humo. Kwa hivyo maji huvutwa kutoka mwilini mwao, nao wamo katika hatari ya kukauka ilhali wamezungukwa na maji. Je, wanaishije? Mwaka 1930 Smith alionyesha kwamba samaki hao huyanywa maji ya bahari, na kwamba sehemu kubwa ya chumvi inayozidi haitokei katika mkojo. Alihitimisha kuwa hutolewa kupitia mashavu wanayopumulia. Hapa tayari palijitokeza jambo zito: mwili unaweza kuisukuma chumvi kuelekea mahali ambapo tayari imejaa. Chujio haliwezi kufanya hivyo.

Swali la maji na uhai ndilo lililomleta kwetu. Mwishoni mwa miaka ya 1920 alifika katika Ziwa Victoria kumtafuta kamongo, samaki mwenye mapafu. Ukame unapokausha makazi yake, kamongo hujichimbia matopeni, akajifunika kwa ute unaokauka, akakoma kukojoa. Taka za protini mwilini mwake hugeuzwa kuwa yurea, ambayo haina sumu kali kama amonia, nayo hulimbikizwa hadi mvua irejee. Wanafunzi wa fasihi watafurahi kujua kwamba mwaka 1932 Smith alichapisha riwaya ya kifalsafa aliyoiita kwa jina hilohilo la Kijaluo: Kamongo.

Mchango wake mkuu, hata hivyo, ulihusu binadamu. Kila figo ina takriban mirija midogo milioni moja, na kila mrija huanzia kwenye fundo la mishipa myembamba ya damu ambamo uchujaji hufanyika. Utapimaje kiasi kinachochujwa bila kuipasua figo? Katika miaka ya 1930, Smith na wenzake, akiwemo James Shannon, walitumia inulini, aina ya wanga inayopatikana katika mizizi ya baadhi ya mimea. Inulini huchujwa, lakini mirija hairejeshi wala haiongezi hata chembe yake. Basi, iwapo inulini iliyotoka katika mkojo kwa dakika moja ni sawa na ile iliyomo katika mililita 125 za plazima ya damu, mililita 125 ndizo zilizochujwa.

Inulini ikawa kipimo cha kulinganishia. Kitu kinachotoka kidogo kuliko kilivyochujwa kimerejeshwa mwilini. Kinachotoka kwa wingi zaidi kimeongezwa na mirija. Mililita 125 kwa dakika ni lita 180 kwa siku, ilhali mkojo wa mtu mzima kwa kawaida ni lita moja au mbili tu. Mpishi gani huyamwaga yote yaliyomo chunguni, kisha akarudisha karibu yote, akiacha asiyoyataka? Figo hufanya hivyo usiku na mchana. Nguvu inayoendesha urejeshaji wa chumvi ilianza kueleweka mwaka 1957, Jens Christian Skou wa Denmark alipogundua, katika neva za kaa, kimeng'enya kinachotoa ioni za sodiamu nje ya seli na kuingiza za potasiamu. Ugunduzi huo ulimpa sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1997.

Yamkini msomaji atauliza: hayo yanamhusu nini mwanafunzi wa Kiswahili? Yanamhusu sana. Mgonjwa ambaye figo zake zimeshindwa huelezwa kwamba mashine itamchujia damu. Akiondoka na kitenzi hicho kimoja, ana haki ya kudhani kwamba anaweza kula ndizi na parachichi na kunywa maji apendavyo, maadamu siku ya mashine inakuja. Lakini mashine hufanya kazi kwa saa chache, aghalabu mara mbili au tatu kwa wiki. Katika siku za katikati hapana kinachoamua potasiamu ipi ibaki na ipi itoke, na potasiamu ikizidi huweza kuusimamisha moyo. Masharti ya chakula si ukali wa muuguzi. Ni kazi ya figo iliyokabidhiwa mikono ya mgonjwa mwenyewe.

Kwa hivyo tunapendekeza kwamba, katika vitabu vyetu na katika ukalimani wa hospitalini, kitenzi "kuchuja" kiandamane na kingine: kuteua. Figo huchuja, kisha huteua. Lugha yetu haikukosa neno. Ni sisi tuliokuwa hatujalitumia.