Dirisha la Plastiki au la Alumini? Bukoba Lipia Mvua Kwanza

Anayemalizia nyumba Kashai au Kamachumu siku hizi ana swali ambalo wazazi wake hawakuwa nalo. Wao walimwita seremala, wakapata dirisha la mbao, basi. Leo kuna alumini ya kusukuma, na kuna ya plastiki ngumu, uPVC, ambayo hutoka kiwandani ikiwa imekamilika.

Muuzaji wa plastiki huanza na joto: fremu yake haipitishi joto kama alumini. Ni kweli kabisa. Lakini Bukoba iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mchana ni nyuzi 26 hivi, na nyumba nyingi hazina kiyoyozi wala hita. Sifa hiyo ina thamani Ujerumani. Hapa usiiongezee hata shilingi. Akikuambia haishiki kutu, mjibu kwamba alumini nayo haishiki, na ziwa letu halina chumvi ya kuila kama bahari ya Tanga.

Cha kulipia hapa ni mvua. Mji hupata takriban milimita 2,000 kwa mwaka, karibu mara mbili ya Dar es Salaam, na mara nyingi inasukumwa na upepo wa ziwani. Hapo plastiki ina hoja: pembe za fremu huyeyushwa zikashikana, maji hayapati mwanya. Pembe za alumini hukazwa kwa skrubu na kuzibwa kwa silikoni, na silikoni huchoka. Hata hivyo, reli ya chini ikikosa matundu ya kutolea maji nje, yote mawili yatakulowanishia ukuta.

Halafu hewa. Dirisha la futi 5 kwa 5 lenye vioo viwili vya kusukuma hufunguka nusu tu, futi za mraba 12 na nusu. La bawaba hufunguka lote. Na wavu usiufanye wa ziada. Wilaya jirani ya Muleba ilipigwa na mlipuko wa malaria mwaka 2006, na wadudu wa ziwani hufuata taa usiku. Omba reli tatu, mbili za vioo na moja ya wavu, na hiyo bei uitake iandikwe pamoja na kioo, usafiri, ufungaji na grili. Bei ya “dirisha tupu” ndiyo inayowaliza wengi.

Tofauti kubwa ya gharama huonekana baadaye. Alumini hukatwa na kuungwa na fundi wa mjini kwa vifaa vya kawaida. Gurudumu likivunjika, atabadilisha. Plastiki huungwa kwa mashine maalumu ya joto. Ikija kubwa kuliko tundu, utabomoa ukuta, maana fremu haipunguziki. Kwa hiyo pima baada ya lipu, juu, kati na chini. Acha na nafasi ya milimita chache pembeni, kwa kuwa plastiki hutanuka kwa jua karibu mara tatu ya alumini. Uliza pia kama ndani ya fremu kuna chuma. Isiyo nacho hupinda kwa uzito wa kioo.

Wala fremu yoyote haibebi ukuta. Baada ya tetemeko lililotupiga hapa Kagera 10 Septemba 2016, anayepanua tundu la dirisha bila lenta nzuri anacheza.

Kwa nyumba ya kuishi mwaka mzima iliyo karibu na mafundi, nachagua alumini. Kwa ukuta unaotazama ziwa, plastiki yenye chuma ndani inastahili nyongeza ya bei, ila vipuri vinunuliwe siku hiyo hiyo. Anayejenga kijijini na kuja Desemba tu, dirisha la mbao ya msonobari iliyokauka vizuri na kupakwa rangi linamtosha. Seremala yuko jirani.

Kabla ya kumalizia malipo, mwaga jagi la maji kwenye reli. Yakibaki ndani, usilipe.