Kumtafuta babu Gilgil: anza na shamba, ukoo utafuata

Ukiziuliza familia za Gilgil zilikotoka, majibu huwa ya namna mbili. Wapo watakaokutajia ukoo na mlima: sisi ni Anjirũ, shina letu liko Murang'a. Wapo watakaokutajia kampuni: mzee alinunua hisa miaka ya sabini, akakatiwa ekari zake, tukahamia. Baina ya mlima na hisa hizo mara nyingi kuna miaka hamsini ambayo watoto hawaijui na wazee huiruka. Miaka hiyo ndiyo ya waanzilishi wenyewe, watu walioshuka Bonde la Ufa kabla ya 1920 wakiwa na mbuzi wachache na bila hati ya kitu chochote. Ninavyoona, pengo hilo halizibwi kwa kuanzia kwenye ukoo, kama tulivyozoea. Huzibwa kwa kuanzia kwenye shamba la setla ambako babu alilima, alichunga au alikamua, kwa sababu karatasi zilimfuata mwenye shamba, na aliyeishi kwenye shamba hilo aliburutwa nazo.

Tazama jinsi upande mmoja, ule wa masetla, ulivyohifadhiwa. Lord Delamere aliingia nchi hii mwaka 1897 akitokea Somalia na ngamia wake. Ardhi yake ya Soysambu, kando ya Ziwa Elmenteita, bado ina jina lilelile, na kaburi lake liko humo. Shemeji yake, Galbraith Cole, mwana wa Earl wa Enniskillen wa Ireland, alishika Kekopey, ambayo wasafiri wa leo wanaijua kama Kikopey kwa sababu ya nyama choma. Ukitaka shajara ya watu hawa, huhitaji hata kusafiri. Vitabu vya nasaba za mabwana wa Uingereza vinazo, makanisa yana rejista, na wapo watafiti waliokusanya majina ya Wazungu wa Afrika Mashariki mmoja mmoja, meli aliyokuja nayo, mke aliyemwoa, shamba alilouza. Gazeti Rasmi la Serikali, lililoanza kutolewa mwaka 1899, lilitangaza ardhi waliyopewa na mirathi waliyoacha, na matoleo yake mengi ya zamani sasa yanasomeka bure mtandaoni.

Mwaka 1911 Cole alimpiga risasi Mkikuyu mmoja aliyemshuku kumwibia kondoo, na mtu yule akafa. Baraza la wazee wa mahakama, wote Wazungu, lilimwachilia Cole huru. London haikuridhika, akafukuzwa nchini, na baadaye akaruhusiwa kurudi. Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi sana. Tunasimuliwa ugonjwa wa baridi yabisi uliomtesa Cole, kifo chake cha 1929, na mnara uliosimamishwa juu ya kaburi lake. Aliyeuawa hubaki kuwa "mwizi wa kondoo" tu, bila jina wala baba. Yeyote anayedhani nasaba ni burudani ya wastaafu na apime tofauti hiyo. Mtu mwenye shajara ana kesi inayokumbukwa kwa jina lake. Asiye nayo hugeuka kuwa mfano katika hadithi ya mwingine.

Hata hivyo, serikali iliyompuuza Mwafrika kama mtu ilimwandika sana kama kibarua. Sheria ya kipande ilipitishwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanamume wa Kiafrika aliyefika umri wa miaka 16 alitakiwa kuandikishwa, achukuliwe alama za vidole, kisha abebe karatasi yake ndani ya kikasha cha chuma kinachoning'inia shingoni. Wakikuyu wakakiita mbugi, kengele ya mbuzi. Karatasi hiyo ilimtaja mwenyewe, kabila lake na wilaya aliyotoka, na kila mwajiri alitia saini siku ya kumwajiri na siku ya kumwachisha. Ni chombo cha utumwa, hilo halina ubishi, na mwanasiasa Harry Thuku alikamatwa mwaka 1922 kwa kukipinga pamoja na kodi. Lakini mjukuu anayekisoma leo anaona kitu kingine pia: orodha ya mabwana, kwa tarehe, yaani ramani ya safari za babu yake kutoka shamba hadi shamba. Familia nyingi zilivichoma vikasha hivi kwa furaha baada ya kipande kufutwa mwishoni mwa miaka ya 1940. Waliovitupa sandukuni walihifadhi zaidi ya walivyodhani.

Kuna pia mikataba ya maskwota. Sheria ya 1918 ilimtaka skwota amfanyie setla kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka ili aruhusiwe kulima kipande cha ardhi na kufuga humo. Siku ziliongezwa baadaye, zikafika 240, na katika wilaya nyingine 270. Mkataba ulihitaji shahidi wa serikali, na shahidi wa serikali huacha karatasi. Kisha kukaja kifagio cha miaka ya 1920, jina ambalo watu wenyewe waliipa operesheni ya kuwapunguzia maskwota mifugo. Profesa Tabitha Kanogo, katika kitabu chake cha 1987 kuhusu maskwota na chimbuko la Mau Mau, ameonyesha jinsi watu waliokuwa na mifugo mingi walivyobaki na michache au bila chochote. Kwa mtafutaji wa nasaba, kifagio ni tarehe ya kuegemea: mzee akisema baba alihama "ng'ombe walipomalizwa", umeshapata muongo.

Karatasi hizo zina uongo wake, na ni lazima usemwe. Kibarua aliyetoroka alisakwa kwa namba ya kipande, kwa hiyo wapo waliojiandikisha upya kwa majina mengine. Karani aliandika alivyosikia. Jina moja laweza kupatikana kwa herufi tatu tofauti. Kubwa kuliko yote, kipande kilikuwa cha wanaume. Wanawake na watoto waliochuma pareto na kupalilia mahindi waliingia kwenye hesabu ya setla kama sehemu ya mkono wa mume, na mara nyingi bila majina. Anayefuata karatasi peke yake atajenga ukoo wa akina baba watupu.

Hapo ndipo kumbukumbu za nyumbani zinapoingia, na zina ukali zaidi kuliko watu wanavyozikadiria. Wakikuyu humwita mtoto wa kwanza wa kiume kwa jina la babu mzaa baba, wa pili kwa la babu mzaa mama, na mabinti vilevile kwa majina ya nyanya zao. Mpangilio huo unamrejesha bibi aliyesahauliwa na kipande: ukiwa na majina ya ndugu wote kwa utaratibu wa kuzaliwa, unaweza kukisia majina ya kizazi kilichotangulia, kisha ukakitafuta kwenye rejista za ubatizo za misheni zilizokuwa karibu, kama ile ya Kijabe iliyofunguliwa mwaka 1903. Rika nalo hutoa mwaka. Aliyetahiriwa na rika la Forty alitahiriwa karibu na 1940, hata kama kitambulisho chake kinasema alizaliwa "mwaka 1930 hivi", jibu ambalo karani alilitoa kichwani mwake. Wamaasai na Wakalenjin wana marika yao, na hesabu ya Wamaasai imelinganishwa na watafiti na miaka ya kalenda kwa uangalifu mkubwa. Usajili wa vizazi kwa Waafrika haukuwa wa lazima nchi nzima hadi 1971, kwa hiyo anayeanza kwa kutafuta cheti cha kuzaliwa cha nyanya yake anapoteza nauli.

Ugumu halisi uko mwaka 1952. Hali ya hatari ilipotangazwa tarehe 20 Oktoba ili kuwakabili Mau Mau, mashamba ya Bonde la Ufa yalianza kumwaga watu. Katika miezi iliyofuata Wakikuyu wapatao laki moja walirudishwa kwenye hifadhi za Mkoa wa Kati, wengi wao wakiwa wamezaliwa Naivasha, Gilgil au Nakuru na hawakuwahi kuiona hiyo "nyumbani" walikopelekwa. Familia ziligawanyika: huyu kizuizini, yule homugadi, mwingine msituni. Nadhani hii ndiyo sababu hasa ya wazee kuruka miaka ile, kuliko usahaulifu. Majina ya watu hao yapo. Mengine yako Makavazi ya Kitaifa jijini Nairobi, kwenye lile jengo la zamani la benki barabara ya Moi. Mengine yalisafirishwa Uingereza wakati wa uhuru na kufichwa kwenye kituo cha serikali cha Hanslope Park hadi kesi ya wapiganaji wa Mau Mau ilipolazimisha yatajwe mwaka 2011. Miaka miwili baadaye Uingereza ilikubali kuwalipa Wakenya 5,228. Faili zilizofunguliwa sasa ziko kwenye hifadhi ya Kew, London.

Baada ya uhuru kazi hurahisika. Kila shamba la setla lilipimwa na kupewa nambari yake ya kumbukumbu ya ardhi, yaani L.R., na serikali au kampuni za kununua mashamba zilipoligawa, nambari za ploti zilichipuka kutoka nambari hiyo mama. Familia yenye cheti cha hisa cha kampuni iliyovunjwa zamani inaweza kurudi nyuma hatua kwa hatua hadi kwa setla wa kwanza kumilikishwa. Katika familia kadhaa ugunduzi huwa wa kushangaza kidogo: ardhi aliyoinunua mzee miaka ya sabini ni ileile, au inapakana na ileile, ambayo baba yake aliilima kwa siku 180 kwa mwaka. Watu hawakununua ovyo. Walirudi walikokujua.

Njia hii haiwafai Wakikuyu peke yao. Wazee wa Kiturkana na Kisomali wa hapa Gilgil wengi wana mwajiri, jeshi au mifugo ya setla mahali fulani katika simulizi zao. Familia za Kihindi zina njia fupi zaidi, kwa kuwa wafanyakazi wapatao 32,000 walioletwa kujenga reli waliandikwa majina bandarini, ingawa wengi wa wenye maduka walikuja baadaye kwa nauli yao wenyewe na hawatapatikana kwenye orodha hiyo.

Wapo watakaosema ni aibu kumtafuta babu kwenye makaratasi ya aliyemdhulumu. Naielewa hisia hiyo, ila naona inamwadhibu babu mara ya pili. Karatasi ya mkandamizaji haigeuki kuwa kauli yake ya mwisho kwa sababu tu tumeisoma. Hugeuka ushahidi dhidi yake. Wengine husema vipimo vya DNA vitamaliza kazi yote. Vipimo hivyo hukuunganisha na waliokwisha kupimwa, na Waafrika Mashariki waliopimwa ni wachache. Vitakuambia una binamu wa mbali huko Leicester. Havitakuambia babu alitoroka kwa nani.

Pingamizi zito ni la ardhi. Bonde la Ufa limeona moto wa 1992, wa 1998 na wa 2008, na kila mara swali la nani alitangulia lilikuwa kwenye midomo ya wachochezi. Kwa nini basi tuwape watu shajara za kubishania? Jibu langu ni kwamba uchochezi hula uvumi, na uchunguzi wa kina una tabia ya kuunyima chakula. Agosti 2004, karne moja baada ya mkataba na Waingereza ambao Olonana, laibon wa Wamaasai, alitia alama yake, Wamaasai waliandamana na wengine wakaingiza mifugo kwenye ranchi za Laikipia wakiamini mkataba ule ulikuwa wa miaka 99 na umekwisha. Mkataba wa 1904 hauna kifungu cha miaka 99. Kilichomo ni kizito zaidi: Wamaasai walihamishwa kutoka mbuga za Naivasha na Nakuru, Gilgil ikiwa katikati yake, wakaahidiwa Laikipia kwa muda wote watakapokuwepo kama jamii, na baada ya miaka saba tu ahadi ikavunjwa wakasukumwa kusini. Utafiti hapa umeondoa dai moja lisilo na msingi na kuthibitisha dhuluma moja ya kweli. Huo ndio usafi unaohitajika, hata kama haumridhishi kila mtu.

Na ukifuatwa hadi mwisho, mtindo huu wa kuanza na shamba humfikisha kila mtu mahali pasipostarehesha. Mjukuu wa skwota atakuta setla alitangulia kuandikwa. Mjukuu wa setla atakuta kwamba ardhi "tupu" aliyopewa babu yake ilikuwa malisho ya watu waliohamishwa mwaka mmoja au miwili kabla. Na Mmaasai, akirudi nyuma ya Olonana, atakutana na vita vya karne ya 19 baina ya sehemu za Wamaasai wenyewe, na wenyeji waliomezwa humo. Sijui familia ambayo ingeweza kutoka kwenye zoezi hilo ikiwa bado inasema kwa kifua mbele kwamba ilikuwa ya kwanza.

Kwa hiyo anayetaka kuanza mwezi huu na amtafute mzee aliyefanya kazi kwa setla. Kijana aliyekuwa na miaka 18 wakati wa uhuru amefika themanini au anazikaribia. Asimuulize "sisi ni akina nani". Swali hilo litamletea hotuba. Amuulize jina la utani la mzungu, nyapara alikuwa nani, kambi ya wafanyakazi ilikuwa upande gani wa reli, maziwa yalipelekwa kituo gani. Majibu hayo manne hutosha kulitambua shamba kwenye ramani ya zamani, na nambari ya L.R. ikipatikana, kinachofuata nyuma ya setla wa kwanza ni mkataba wa 1904 na kesi ambayo Ol le Njogo na Wamaasai wenzake waliifungua kupinga uhamisho wa pili. Mahakama iliitupa, ikisema mkataba baina ya mataifa hauihusu. Wajukuu wa waliohamishwa wengi wako Narok na Kajiado, na baadhi yao wanatafuta malisho ya babu zao kwenye ramani hiyohiyo.