Leza ipi kwa jicho la mwenye kisukari?

Sukari ikikaa juu kwa miaka, mishipa myembamba ya retina, lile tabaka la nyuma ya jicho linalopokea picha, huvuja na kuziba. Retina iliyokosa oksijeni huita damu, na jicho huotesha mishipa mipya, dhaifu, inayopasuka na kumwaga damu kwenye uteute wa jicho kama wino ndani ya maji. Leza huukata wito huo kwa ukatili kidogo: huchoma pembezoni mwa retina ili pasidai tena oksijeni. Leza ya zamani ya agoni hupiga alama 1,200 hadi 1,600, kila moja kwa takriban sehemu ya kumi ya sekunde, na inauma. Leza mpya ipigayo alama kwa mafungu hutumia milisekunde 20 tu kwa kila alama. Joto halisambai, maumivu hupungua, kazi huisha upesi. Ila kovu la pigo fupi ni dogo na husinyaa, na utafiti wa Marekani wa 2012 ulionyesha kuwa kwa idadi inayokaribiana ya alama, agoni ilizima mishipa mipya vizuri zaidi. Basi daktari aulizwe atapiga alama ngapi kabla ya kuulizwa mashine yake ni ya mwaka gani.

Wapo watakaosema zama za leza zimepita, sasa ni sindano za jichoni. Wana hoja. Mwaka 2015 utafiti wa Marekani uitwao Protocol S uligundua kuwa sindano ya dawa ya ranibizumab hulinda uwezo wa kuona sawa na leza, tena huacha uoni wa pembeni ukiwa mpana zaidi. Lakini wagonjwa wa utafiti hufuatiliwa, hupigiwa simu. Walipochunguzwa wagonjwa walioacha kufika kliniki kwa zaidi ya miezi sita, katika utafiti wa 2019, macho yaliyotegemea sindano pekee yalikutwa na hali mbaya kuliko yaliyopigwa leza, mengine retina ikiwa imevutwa hadi ikabanduka. Dawa huisha jichoni, kovu hubaki. Kwa mkulima anayepanda mabasi mawili kufika hospitali ya rufaa, na nauli hutegemea mavuno, tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyosomeka kwenye majedwali.

Leza hairudishi uoni uliokwisha kupotea, na huweza kufifisha uoni wa gizani. Dereva wa lori la usiku ana sababu nzuri ya kuomba sindano, mradi tarehe ya kurudi isimkute njiani.