Kamari ya vikapu: Tofauti ndogo ya malipo inavyokula mfuko wa mbashiri

MECHI ya Ligi ya Kitaifa ya Mpira wa Vikapu ya Marekani (NBA) inapoanza saa moja unusu jioni jijini New York majira ya baridi, Nairobi huwa ni saa tisa unusu usiku.

Wakenya wengi walioweka dau kabla ya kulala huamka asubuhi wakiulizia matokeo tu. Ni wachache mno wanaojiuliza iwapo kampuni nyingine ilikuwa ikitoa malipo bora kwa mechi iyo hiyo.

Swali hilo ndilo linalotenganisha anayepoteza kidogo na anayepoteza kikubwa. Kampuni za kamari mitandaoni hufanana kwa sura na matangazo, lakini hutofautiana katika mambo ambayo mteja huyagundua akiwa tayari ameumia.

Nchini Marekani, biashara hii ilipanuka baada ya Mahakama ya Juu kubatilisha, mnamo Mei 2018, sheria ya 1992 iliyozuia majimbo mengi kuhalalisha kamari ya michezo. Kabla ya hapo, Nevada ndilo lililokuwa kitovu chake.

Kamishna wa NBA, Adam Silver, alikuwa ametoa wito mnamo 2014 kupitia gazeti la New York Times kwamba kamari hiyo ihalalishwe na kudhibitiwa. Leo zaidi ya majimbo 35 yanairuhusu, huku kampuni kama vile FanDuel, DraftKings na BetMGM ziking'ang'ania wateja.

Jambo la kwanza la kulinganisha ni kiwango cha malipo. Katika mpira wa vikapu, dau la kawaida huwa si la timu itakayoshinda tu, bali la pengo la pointi linalonuiwa kuzifanya timu mbili ziwe na nafasi sawa.

Endapo nafasi ni nusu kwa nusu, malipo ya haki yangekuwa 2.00 kila upande. Hata hivyo, kampuni nyingi hutoa takriban 1.91. Tofauti hiyo ndiyo faida ya kampuni, nayo hukatwa hata kabla ya mpira kurushwa.

Chukua mfano wa mtu anayebashiri mechi 100 kwa Sh1,000 kila moja, na kupatia 52. Katika kampuni inayolipa 1.91, atarejeshewa jumla ya Sh99,320, kumaanisha amepoteza Sh680. Katika inayolipa 1.95, atapata Sh101,400, ambayo ni faida ya Sh1,400.

Mtu ni yule yule, mechi ni zile zile na ubashiri ni ule ule. Kilichobadilika ni mahali alipoweka dau.

Lakini asiyejua lolote na anayebahatisha tu atapatia takriban mechi 50. Huyo atapoteza Sh4,500 katika kampuni ya kwanza na Sh2,500 katika ya pili. Kulinganisha kutampunguzia hasara, ila hakutaiondoa.

Jambo la pili ni pengo lenyewe. Kampuni moja yaweza kuitaka Boston Celtics ishinde kwa zaidi ya pointi 6.5, nyingine ikataka zaidi ya 7.5. Celtics ikishinda kwa pointi saba, mteja wa kwanza atalipwa na wa pili atapoteza kila kitu.

Mapengo haya hubadilika haraka kwa sababu timu ya vikapu huwa na wachezaji watano tu uwanjani, na nyota mmoja akikosekana mizani huinama. NBA hulazimisha timu kutangaza hali ya majeruhi, na habari hizo huendelea kutolewa hadi karibu na wakati wa mechi, Mkenya akiwa usingizini.

Mtego mkubwa zaidi umo katika mkeka wa mechi nyingi. Ukiunganisha mechi tano za 1.91, malipo huwa takriban 25.4. Kwa Sh100, mshindi hupata kama Sh2,540.

Fedha hizo huonekana nyingi hadi mtu apige hesabu. Uwezekano wa kupatia mechi tano zenye nafasi sawa ni mara moja kati ya 32, hivyo malipo ya haki yangekuwa Sh3,200. Makato ya kampuni yaliyokuwa chini ya asilimia 5 kwa mechi moja huwa yamepita asilimia 20. Si ajabu basi kwamba mkeka ndio unaopigiwa debe zaidi.

Kigezo cha nne ni kanuni. Kampuni nyingi huhesabu muda wa nyongeza katika dau la mechi nzima, lakini huuacha nje katika dau la robo ya nne. Aidha, mchezaji asipoingia uwanjani kabisa, dau lililowekwa juu ya pointi zake kwa kawaida hurejeshwa. Akicheza hata dakika moja kisha aumie, dau hilo husimama.

Dau za aina hiyo, zinazomhusu mchezaji mmoja, ndizo zilizoitia NBA aibu. Mnamo Aprili 2024, Jontay Porter wa Toronto Raptors alipigwa marufuku ya maisha baada ya uchunguzi wa ligi kubaini kwamba alipasha mcheza kamari habari za afya yake.

Katika mechi ya Machi 20 mwaka huo, alicheza dakika tatu tu na kuondoka akidai anaumwa. Mtu mmoja alikuwa ameweka dola 80,000 akitarajia kupata dola milioni 1.1 iwapo Porter angefanya vibaya. Kampuni husika ilishuku na kuzuia dau hilo.

Baada ya kisa hicho, kampuni zinazoshirikiana na NBA zilikubali kuacha kupokea dau za kutabiri kwamba wachezaji wa mikataba midogo watashindwa kufikisha idadi fulani ya pointi.

Haikuwa mara ya kwanza. Mwamuzi Tim Donaghy alikiri mashtaka mnamo 2007 kuhusiana na kamari ya mechi, zikiwemo alizochezesha, na mwaka uliofuata akahukumiwa kifungo cha miezi 15.

Kigezo cha tano ni zawadi za kuwakaribisha wateja wapya. Dau la bure la Sh500 kwa malipo ya 1.91 kwa kawaida humpa mshindi Sh455, wala si Sh955, kwa kuwa dau lenyewe halirejeshwi. Kampuni nyingine humtaka mteja azungushe fedha za zawadi mara kadhaa kabla ya kuzitoa.

Isitoshe, baadhi ya kampuni humpunguzia mteja anayeshinda mara kwa mara kiwango anachoruhusiwa kuweka. Mwenye kupoteza hupokewa kwa mikono miwili, mwenye kushinda hufungiwa mlango. Jimboni Massachusetts, tume ya kudhibiti kamari ilianza kulijadili suala hilo mnamo 2024.

Humu nchini, leseni ndiyo ya kuangaliwa kabla ya malipo. Kampuni isiyo na leseni ya Kenya ikikataa kulipa, mteja hana pa kushtakia. Sheria ya Kudhibiti Kamari ya 2025 ilichukua nafasi ya ile ya 1966, na aliye chini ya umri wa miaka 18 haruhusiwi kucheza.

Kuna kodi pia. Tangu Julai 2025, serikali imekuwa ikitoza asilimia 5 ya fedha zinazowekwa katika akaunti ya kamari na asilimia 5 ya zinazotolewa. Kodi hiyo haitofautiani kati ya kampuni moja na nyingine zenye leseni, lakini huweza kuimeza faida ndogo kama ile ya Sh1,400.

Hivyo, anayelinganisha kampuni hana budi kutazama malipo, pengo, kanuni, masharti ya zawadi na urahisi wa kutoa fedha, na kuweka rekodi ya kila dau, alilopatia na alilokosa.

Rekodi hiyo ndiyo mshauri asiyedanganya. Ikionyesha hasara miezi mitatu mfululizo, tiba yake haiko katika kampuni ya nne wala ya tano. Karo na kodi ya nyumba hazisubiri Celtics ishinde.