Somo la Redio: Basi Kuukuu Lageuka Chumba cha Kazi

Kila mmoja ashike daftari na kalamu. Mwalimu wa darasa aandike ubaoni maneno manne: kutu, sakafu, futi, hewa. Yasomeni pamoja kwa sauti, kisha sikilizeni.

Leo tutazungumza juu ya kazi ya jamaa nzima: kutengeneza upya ndani ya basi kuukuu. Watu husema basi lisilotembea ni chuma chakavu tu. Si kweli siku zote. Huko Marekani, katika mji wa Montgomery, tarehe 1 Desemba 1955, Bibi Rosa Parks alikataa kumpisha abiria Mzungu kiti chake ndani ya basi, akakamatwa. Baadaye basi lile, namba 2857, liliuzwa, likakaa shambani miaka mingi likitumiwa kama ghala. Mwaka 2001 lilinunuliwa na jumba la makumbusho la Henry Ford, likatengenezwa kwa uangalifu, na leo watu huingia ndani yake kulitazama. Basi letu halina sifa kubwa kama hiyo, lakini nalo laweza kupata kazi mpya.

Tuseme mama wa jamaa moja ni mshonaji. Cherehani yake iko barazani, na mvua ikinyesha hana budi kuacha kazi. Jamaa wamenunua basi kuukuu, wakaliweka uani, liwe chumba cha kushonea. Baba ataka kuanza na rangi na mapazia, ili majirani wasifu. Mama asema, “Hapana, baba watoto. Tuanze na yale yasiyoonekana.” Mama amesema kweli. Rangi haiponyi kutu, huificha tu. Ukipaka rangi juu ya ubovu, baada ya masika mawili fedha yako imepotea. Basi tufuate shauri la mama, hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza ni usalama. Wekeni mawe makubwa au magogo mbele na nyuma ya magurudumu, basi lisisogee watu wakiwa ndani. Betri ikiwa bado imo, fundi aifungue, akianza na waya wa hasi. Tangi la mafuta liondolewe na fundi kabla ya mtu yeyote kukata chuma au kuchomelea. Msidanganyike kwa kuona tangi ni tupu. Mvuke wa mafuta uliobaki ndani waweza kulipuka kwa cheche moja.

Hatua ya pili ni kutafuta njia za maji. Mtu mmoja apande ngazi, amwage maji polepole juu ya paa na kandokando ya madirisha. Watoto wakae ndani na chaki. Kila wanapoona tone, waweke alama. Hii ni kazi ya watoto hasa, maana macho yao ni makali na wataifurahia. Penye alama ndipo pa kuzibwa. Kama mpira wa dirisha umekauka na kupasuka, utiwe mpya. Kisha mwageni maji tena, mpaka ndani pabaki pakavu.

Hatua ya tatu ni kung'oa na kusugua. Bolti za viti zikiwa zimeshikwa na kutu, zitieni mafuta jioni, mzifungue asubuhi. Msitupe viti vyote. Kimoja kilicho kizima kitafaa kwa wateja wanaongoja nguo zao. Halafu inueni sakafu ya zamani, mtazame chuma cha chini. Kutu hutokea chuma kinapokutana na maji na hewa, na maji hupenda kukaa chini ya sakafu ambako hakuna jua. Gusa chuma kwa ncha ya bisibisi. Kikiwa kigumu, kisugue kwa brashi ya waya, kisha kipake rangi ya kuzuia kutu. Bisibisi ikizama, chuma kimeoza. Hapo mwiteni fundi akate sehemu hiyo na kuchomelea kipande kizima.

Jambo moja msilisahau. Rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto wadogo. Kabla ya kupiga msasa, lowesheni rangi kwa maji. Anayesugua afunike pua na mdomo, na watoto wakae mbali. Kazi ikiisha, vumbi lifutwe kwa kitambaa kibichi, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula.

Hatua ya nne ni kupima, na hapa ndipo hesabu zetu zinapofaa. Tuseme ndani ya basi urefu ni futi 24 na upana ni futi 7. Zidisha 24 kwa 7, utapata futi za mraba 168. Plaiwudi moja ina urefu wa futi 8 na upana wa futi 4, yaani futi za mraba 32. Gawanya 168 kwa 32. Utapata 5, na baki 8. Kwa hiyo plaiwudi 5 hazitoshi, nunueni 6. Mwuzaji akiwaambia 10, mwonyesheni daftari. Tandikeni 3 nzima upande mmoja wa basi. Zile 3 nyingine zikatwe ziwe na upana wa futi 3, zitandikwe upande wa pili. Vitabaki vipande 3, kila kimoja urefu wa futi 8 na upana wa futi 1. Hivyo ni rafu za vitambaa na nyuzi. Aliyepima mara mbili hukata mara moja.

Hatua ya tano ni hewa. Basi ni bati tupu, na bati huwaka jua likipanda. Pakeni paa rangi nyeupe, maana nyeupe hurudisha jua. Tena jengeni kivuli cha mabati juu ya nguzo, huku mkiacha nafasi ya hewa kati yake na paa la basi. Madirisha ya pande zote mbili yafunguke, upepo uingie huku na kutokea kule.

Sasa nisikilizeni kwa makini. Mshonaji hutumia pasi, na mara nyingi ni pasi ya mkaa. Mvua ikinyesha atafunga madirisha, na mtoto wake amelala nyuma yake. Mkaa unaowaka hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Damu huichukua mahali pa hewa njema. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu, hutaka kutapika, halafu hulala asiamke. Kwa hiyo pasi ya mkaa na jiko la mkaa visiingie ndani ya basi kamwe, hata kwa dakika chache. Jengeni kibanda kidogo nje, chenye paa, na nguo zipigwe pasi huko. Mtu akipatwa na dalili hizo, mtoeni nje upesi, mkampeleke hospitali. Tena mlango wa dharura usizibwe kwa kabati. Chumba cha vitambaa hushika moto haraka, na njia moja ya kutokea haitoshi.

Sasa, baada ya hayo yote, baba apake rangi yake na kutundika mapazia. Yatadumu.

Maswali ya darasa:
1. Kwa nini jamaa hawakuanza na rangi?
2. Basi lina urefu wa futi 16 na upana wa futi 7. Plaiwudi ngapi zitatosha?
3. Andika sentensi mbili za kumwonya jirani anayewasha mkaa chumbani.

Someni sentensi zenu kwa watu wa nyumbani usiku wa leo. Kwaherini.