Siha ya Wazoa Taka

Katika jiji la Dar es Salaam, kabla jua halijapanda, hupita mitaani watu wenye mikokoteni, maguta na malori ambao kazi yao ni kutuondolea milangoni kila kitu tulichokikinai. Nasi aghalabu huwakumbuka siku ile tu wasipokuja, harufu inapoanza kutuudhi. Kwamba kazi hii ina madhara, kila mtu hulijua kijuujuu. Walakini namna inavyomdhuru mwenye kuifanya, na mkono wa nani umo katika madhara hayo, ni mambo yanayostahili kuelezwa kwa tafsili.

Mtazame mzoa taka anapobeba kiroba. Hukishika shingoni, akakiegemeza pajani, kisha akakirusha juu ya lori, kwa kuwa kiroba kilichonyeshewa usiku kucha hakiinuliki kwa mikono mitupu. Ikiwa ndani yake mmetupwa kigae cha chupa, wembe, au sindano aliyojidunga mgonjwa wa kisukari nyumbani kwake, basi kinachochomwa ni paja lile, na glavu, hata zingekuwa nzuri namna gani, hazilindi paja. Katika maradhi yapitayo kwa njia hiyo, homa ya ini aina ya B ndiyo ya kuhofiwa zaidi: virusi vyake huweza kudumu katika damu iliyokauka kwa muda usiopungua siku 7, na asiyechanjwa, akichomwa kwa sindano yenye damu ya mgonjwa, uwezekano wa kuambukizwa waweza kufika 30 katika 100, ilhali kwa VVU ni takriban 3 katika 1,000.

Na kinga ipo. Ni chanjo ya dozi 3, ambayo watoto wa Tanzania wamekuwa wakipewa tangu mwaka 2002. Lakini mzoa taka aliyezaliwa kabla ya hapo hakuipata utotoni, na ni nadra mtu kumuuliza. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 humwajibisha mwajiri kumpa mfanyakazi vifaa vya kujikinga, ila wengi wa watu hawa ni vibarua wa kutwa wasio na mkataba. Kumpa mtu chepe ukamnyima chanjo, kwa maoni yangu, ni dhuluma.

Yako pia mavumbi yaingiayo kifuani, maumivu ya kiuno, na mkojo wa panya uletao homa ya mgunda, ile iliyowatia hofu watu wa Lindi mwaka 2022. Fauka ya hayo, mzoa taka hula njiani, na kumhimiza anawe mikono ilhali lori halina hata dumu la maji lenye bomba, wala kipande cha sabuni, ni kumtwika lawama isiyo yake.

Kwa upande wetu wenye nyumba, sindano na wembe vitiwe katika chupa ya plastiki ngumu, ifungwe kizibo, ipelekwe zahanati. Na aliyekwisha kuchomwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka, bila kulikamua, aende hospitali upesi iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita, akapimwe, apate chanjo ya pepopunda ikihitajika, na dawa za kuzuia VVU, ambazo humezwa kwa siku 28. Na nauli ya kwenda huko, pamoja na ujira wa siku hiyo, iwe juu ya aliyemwajiri.